Banda Lisilo na Tundu

Mtaani kwetu wananiita Timazi. Timazi ni ile kamba yenye chuma kizito mwishoni ambayo sisi waashi tunaining'iniza kando ya ukuta tujue kama umesimama wima au umelala. Jina nililipata ujanani, kwa sababu nikikuta ukuta wa fundi mwingine umeegemea upande sinyamazi. Nasema palepale, mbele ya mwenye nyumba, na fundi mwenyewe akitaka kununa na anune. Kazi yangu mwenyewe nimeshaibomoa mara mbili kwa kosa la unene wa kidole. Nasema haya mapema ili mtu asinihurumie akidhani lile banda la kuku lilinishinda kwa kutojua.

Kuku walikuwa wa binti yetu. Alifanya kazi katika duka la vyakula vya mifugo, na jioni moja alikuja na vifaranga saba ndani ya boksi la viatu, akavilea jikoni chini ya balbu mpaka mama yake akaanza kulalamika kwamba kila kinachopikwa kinanuka mavi ya kuku. Wakakua, wakatoka nje, wakawa watu wa kwenda wanakotaka. Kila mmoja alimpa cheo. Yule mweusi aliyetembea kichwa chini akidonoa hata kisichodonoleka alikuwa Karani. Yule mnene wa kukaa kivulini alikuwa Mheshimiwa. Shangazi ndiye aliyejitia katika kila ugomvi usiomhusu. Jogoo alikuwa Mkaguzi, kwa kuwa alizunguka kutwa nzima na hakuna alichofanya. Mwaka jana binti yetu aliugua homa, siku ya nne akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na minne, hana mume wala mtoto. Tukabaki na kuku wake.

Baada ya mazishi mke wangu alipanda kitandani, akageukia ukutani, akakaa hivyo. Dada zake walikuja wakamwogesha, wakamlisha kwa kijiko, kisha nao wana nyumba zao, wakaondoka. Nilikuwa nikienda kazini namwacha hivyo, nikirudi namkuta hivyo, na chai niliyomwachia asubuhi imeganda utando pale kwenye stuli. Nilimbembeleza. Nilikaa kimya kando yake. Siku moja nilimfokea, nikajuta kabla sijamaliza sentensi. Alikuwa akinitazama kama anayetazama mtu aliyekosea mlango.

Mimi kuku niliwasahau kabisa. Wao njaa ilipowazidi wakaanza kuingia ndani, na asubuhi moja Shangazi akafika hadi chumbani, akaruka juu ya kitanda, akanya katikati ya shuka. Mke wangu akaamka. Nilipotoka bafuni nilimkuta uani, nywele timutimu, ufagio mkononi, anawamwagia nafaka huku anamgombeza kuku kwamba hana adabu na hakulelewa hivyo. Niliegemea mlango nikalia kimyakimya.

Tangu siku hiyo aliamka kila siku kwa ajili ya kuku. Mimi alinipa maneno ya lazima tu: chakula kipo, maji yamekatika, mlango haufungi. Kuku aliwapa maneno yote yaliyobaki. Aliwasimulia alichoota, aliwauliza kama wamelala vizuri, alimtania Mkaguzi kwamba atafukuzwa kazi. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa jikoni nikimsikiliza kama mwizi. Mtu mzima mwenye mvi, naona wivu kwa kuku. Lakini kitu kimoja nilikielewa vizuri: kuku wakiondoka, mke wangu anarudi kitandani, na safari hii sikumwona atakayemwamsha.

Shida ilianzia kwa jirani. Sisi tunamwita Mama Mchicha kwa sababu ana kitalu cha mboga nyuma ya nyumba yake na ndicho kinachomlisha. Alikuja uani kwangu siku moja ameshika shina la mchicha lililonyonyolewa majani yote.

"Shemeji," akasema, "na hili utaniambia limeliwa na konokono?"

"Labda konokono wako wana midomo mikali."

"Konokono wangu hawawiki alfajiri." Hakucheka. "Nimewanyamazia mwaka mzima kwa sababu ya msiba wenu. Lakini na mimi nakula kupitia kitalu hiki. Mwanangu ameshanunua sumu ya panya, na unajua kuku hawajui kusoma. Wafungie, shemeji. Sisemi kwa ubaya."

Nilimwambia nitaangalia, ile ya kumwondoa mtu mlangoni. Wiki ileile Mheshimiwa akagongwa na pikipiki barabarani. Aliyemgonga alimleta mwenyewe, anamning'iniza kwa miguu, anaomba radhi. Mke wangu alimpokea, akamzika nyuma ya choo, akaingia ndani. Siku mbili hakutoka. Niliwalisha kuku mimi, vibaya, na mchana wa siku ya pili niliketi kwenye ngazi nikijua kwamba nikipoteza na hawa sita waliobaki nimepoteza kila kitu. Siku ya tatu aliamka, nami nikaenda kumwona bwana mifugo.

Bwana mifugo ni kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja, nusu yake imechukuliwa na friji la chanjo. Alinieleza akinichorea nyuma ya karatasi ya risiti. Nguzo za uzio ziwe hatua tatu tatu. Wavu uzame ardhini shubiri nzima, kwa sababu wanyama wengine hawaruki, wanachimba. Ndani ya banda niweke fito za kulalia, maranda ya mbao chini, na viota viwili vyenye giza vya kutagia.

"Ukuta usifike juu," akaendelea. "Pande mbili, ule wa upepo na wa pili unaoelekeana nao, acha wazi urefu wa mkono chini ya bati, uweke wavu. Kuku hatoki jasho, mzee. Anahema tu. Ukimnyima hewa, joto linammaliza ndani kwa ndani."

"Mimi nimejenga ghorofa, kijana."

"Ghorofa ina madirisha, mzee." Akakunja karatasi akanipa. "Na wakishaingia wafungie siku tatu bila kutoka. Wajue hapo ndipo kwao. Ukiwatoa mapema watarudi kulala kulekule walikozoea, na uzio wako utakuwa pambo."

Nilianza na uzio. Nilichimba mtaro kuzunguka nusu ya uwanja, nikasimamisha nguzo kumi na nne, kila moja nikaipima kwa timazi, jambo ambalo hakuna kuku aliyeniomba. Wavu ukanisumbua. Wavu wa kuku ukiukunjua peke yako unajikunja tena, unakukwaruza, unakudhalilisha mbele ya majirani. Nilikuwa nimeushikilia kwa goti na kwa kidevu, misumari mdomoni, natukana kimoyomoyo, mara nikaona mikono miwili imeshika upande wa pili.

"Vuta," mke wangu akasema.

Nikavuta. Akaenda nyuma hatua kwa hatua akiukaza, mimi napigilia. Tukamaliza nguzo nne hivyo. Nguzo ya tano Shangazi akaingia mtaroni, akautembea wote kama mkaguzi wa barabara, akafika mwisho akageuka kututazama.

"Anasema umechimba mtaro mwembamba," mke wangu akasema.

"Mwambie alete koleo lake."

Akacheka. Kicheko kifupi, kilichokwaruza kidogo kwa kukaa sana bila kazi, lakini kilikuwa kicheko. Nilijifanya natafuta msumari chini ili asinione uso. Jioni tulipunguza manyoya ya bawa moja kwa kila kuku wasiweze kuruka uzio; yeye aliwashika na kuwafunika macho kwa kiganja, mimi nikakata. Kwa siku nne tulizofanya ule uzio niliongea na mke wangu kuliko mwaka mzima uliopita, ingawa yote yalihusu kuku.

Banda nalo nililijenga kwa mapenzi, na sioni aibu kusema. Hatua mbili kwa mbili na nusu, tofali za kuchoma, kozi, zile safu zake, zimelala sawasawa. Lipu nilipiga ndani na nje, ndani nikaipaka chokaa kuzuia utitiri. Mlango nilitengeneza wa mbao nene wenye komeo la chuma. Pande mbili nikaukomesha ukuta urefu wa mkono chini ya bati, nikapigilia wavu, kama karatasi ya bwana mifugo ilivyosema. Niliingia ndani nikasimama nimeinama, upepo ukanipita shingoni. Nikamwita mke wangu aje aone.

Alilizunguka. Aligusa lipu kwa nyuma ya vidole. Alijaribu komeo, akalifunga na kulifungua mara tatu. Kisha akainua mkono, akapitisha kidole katika jicho la wavu.

"Hapa je?"

"Hapo pa hewa."

"Na nguchiro?"

"Wavu upo."

"Hujui nguchiro wewe." Alisema bila kunitazama, kidole bado kimo wavuni. "Nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo tulikuwa na banda la wavu. Nguchiro hakuingia. Alikaa nje, akangoja kuku asogee, akavuta kichwa. Kichwa tu. Asubuhi tunakuta miili imekaa ndani kama wamelala. Nilikuwa nimetumwa kuwafungulia."

"Nitaweka wavu wa macho madogo."

"Ziba, Fundi."

Akautoa mkono wavuni, akauweka juu ya mkono wangu, hapa juu ya kiwiko palipokuwa na saruji iliyokauka. Tangu mazishi hakuwa amenigusa. Si kwa ubaya wala kwa wema. Tulikuwa tunapishana mlangoni tukibanana na kuta.

"Naomba," akasema. "Wakifa hawa, mimi sijui. Nakuomba uzibe."

Hapa ndipo ninapotaka mtu anielewe vizuri. Karatasi ya bwana mifugo ilikuwa mfukoni mwangu wa shati. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: kuku hatoki jasho, anahema tu. Mtu mwingine yeyote angeniambia nizibe, ningemchamba mpaka ajute kuja. Lakini ule mkono ulikuwa na joto, nami nilikuwa mtu mwenye njaa ya mwaka mzima. Nikamwambia nitaziba.

Niliziba kesho yake kwa nusu tofali na udongo mwingi wa saruji, nikapiga lipu juu yake. Nilijiambia kwamba ni kwa siku tatu tu, wakishazoea nitatoboa nipitishe vipande viwili vya bomba vyenye wavu mnene, hata hataona. Ujanja wa fundi hauishi. Alisimama nyuma yangu muda wote akipitisha kiganja chini ya bati.

"Na hapa," akasema, akionyesha pengo ambapo wimbi la bati liliinuka juu ya ukuta.

Nikalijaza udongo kwa kidole.

"Na hapa."

Nikaliziba. Lilikuwa la kupitisha msumari, basi. Jioni hiyo alipika, tukala kwenye benchi moja tukiutazama uzio. Akaanza kumtaja binti yetu, yeye mwenyewe, bila kuulizwa. Alivyokuwa mdogo akiogopa kuku. Alivyokuwa akiiga sauti ya bosi wake wa dukani. Mimi nilichangia mawili matatu, akanisahihisha, nikajifanya nabisha ili aendelee. Sitaki kudanganya: nilifurahi. Kama ningeulizwa jioni ile kama nimejenga vibaya ningesema sijawahi kujenga vizuri hivyo.

Tuliwaingiza asubuhi iliyofuata, maji na chakula cha kutosha, tukafunga. Siku ya kwanza ilikuwa ya mawingu. Walipiga makelele, Mkaguzi akawika bila mpangilio kama saa mbovu. Mke wangu alichukua kigoda akaketi nje ya mlango wa banda akiwasemesha kupitia mbao. Jioni alitaka kufungua kidogo, nikamkumbusha siku tatu. Ni mimi niliyemkumbusha.

Siku ya pili niliondoka mapema. Tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya pili upande wa pili wa mji. Kabla sijatoka nilifungua komeo upesi, nikabadilisha maji, nikafunga. Ndani kulikuwa na jasho ukutani. Lipu mbichi hutoa maji siku nyingi, hilo linajulikana na kila anayeshika mwiko. Nililiona jasho lile, nikafunga.

Jua lilitoka kali. Saa nne vibarua walikuwa wanashika nondo kwa kuvaa soksi mikononi. Saa sita nilisimama juu ya zege nikaona mabati ya nyumba za chini yanameremeta, nikalifikiria banda. Nililifikiria waziwazi, kwa hesabu za fundi: bati jipya, kuta nene, unyevu, kuku sita, hewa hakuna. Nikatoa simu. Lakini simu ya mke wangu ilikuwa kabatini imezimwa tangu msiba, hakutaka tena pole za watu. Namba ya Mama Mchicha sikuwa nayo, miaka kumi na moja ya kuishi ukuta kwa ukuta. Msimamizi akaniita, zege linakauka. Zege halingoji, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba ningeweza kutupa mwiko nikaondoka, na watu wangenitukana, na yangekwisha. Nikajipa moyo kwamba kuku ni wagumu, wamelala juu ya miti na mvua, joto litawafanya nini. Nikarudi kusawazisha zege.

Nilifika nyumbani saa kumi. Mke wangu alikuwa uani amevaa gauni safi, nywele amesuka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona amesuka. Alinyanyuka kigodani kunipokea begi.

"Pole na kazi," akasema. "Njoo usikilize."

"Nini?"

"Wametulia. Asubuhi walipiga kelele mpaka nikakaribia kuwafungulia. Wakawa wanajigonga mlangoni, Shangazi akitukana. Nikakumbuka siku tatu, nikajikaza kisabuni. Tangu saa saba kimya kabisa." Alikuwa anatabasamu. "Wamezoea, Fundi. Wameshajua kwao."

Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa moto. Nikalivuta komeo.

Mvuke ulinipiga usoni kwanza, wenye kuwasha macho, halafu harufu. Bakuli la maji lilikuwa limepinduka. Fito za kulalia hazikuwa na mtu. Wote walikuwa chini mlangoni, wamerundikana, midomo wazi, vichwa vimebanwa kwenye ufa mwembamba uliobaki kati ya ubao na sakafu. Ni ufa ambao nilikusudia kuuziba kwa mpira nikasahau. Mlango ulipofunguka Mkaguzi aliangukia nje juu ya viatu vyangu, mzito.

Karani alikuwa bado anahema. Nilimbeba hadi kivulini nikamdondoshea maji mdomoni kwa kidole, nikampepea kwa kofia. Alinitazama kwa jicho moja. Yalipita kama dakika tano, shingo ikalegea juu ya kiganja changu. Hata hapo niliendelea kumpepea.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliwatoa mmoja mmoja, akawalaza kwa mstari kwenye nyasi, akawarudisha mabawa mahali pake. Ng'ambo ya uzio Mama Mchicha alikuwa ametokea na fungu la majani ya pembeni, yale yasiyouzika, alikuja kuwapa. Aliona, akayaweka chini polepole, akarudi ndani kwake.

"Ni ugonjwa?" mke wangu akauliza.

"Joto," nikasema. "Wamekosa hewa."

Akainua macho juu ya ukuta, pale penye lipu mpya. Ilikuwa bado na rangi tofauti kidogo.

"Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, au angejifanya ananiamini. Lakini mimi nimejipatia jina kwa kusema ukuta uliolala umelala, na sikuwa na kingine kilichobaki.

"Nilijua. Bwana mifugo aliniambia. Nina karatasi yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniomba."

Alimweka kuku wa mwisho mapajani. Alipozungumza sauti ilikuwa ya kawaida, kama anayenieleza bei ya sabuni.

"Nilikuomba kwa sababu naogopa. Mimi ni mtu wa kuogopa, unanijua tangu tuoane. Nikaogopa, nikamwambia fundi. Sikujua kwamba fundi naye hayupo."

"Mama."

"Na yeye ulimsikiliza hivihivi." Bado alikuwa ananyoosha mabawa. "Alhamisi. Nilikuambia tumpeleke hospitali, gari la jirani lilikuwa limesimama hapo nje. Mtoto akakuambia, baba, ni uchovu tu, niache nilale. Ukaja jikoni ukaniambia tumwache, ameomba. Ameomba. Ulisema hivyo, ukanishika bega. Tukamwacha Alhamisi, tukamwacha Ijumaa."

Mwaka mzima neno hilo halikuwa limesemwa katika nyumba yetu. Mimi nilidhani mke wangu ananyamaza kwa huzuni. Kumbe alikuwa ananyamaza ili asiniambie. Alikuwa amelibeba kitandani, uso ukutani, ili lisinifikie, na kuku ndio waliomsaidia kulibeba. Nilikaa kwenye nyasi. Nilitafuta la kujitetea nikakuta hakuna, si la Alhamisi, si la leo.

Alinawa mikono bombani, akaifuta kwenye lile gauni safi, akaingia ndani. Nilichimba shimo moja kubwa kando ya Mheshimiwa, nikawaweka sita. Sikutumia muda mrefu, mimi ni mtu wa kuchimba. Jua lilikuwa bado juu ya mabati nilipomaliza.

Chumbani alikuwa amelala, amegeukia ukutani, miguu ameikunja. Nywele zilizosukwa zilionekana ngeni juu ya mto ule. Nikasimama mlangoni.

"Amka ule kidogo."

"Sina njaa."

"Basi tukae nje. Kidogo tu."

"Nimechoka," akasema. "Niache nilale. Nakuomba, Fundi."

Mguu wangu mmoja ulikuwa ndani, mwingine ukumbini. Nilijua kabisa kinachotakiwa. Ilinipasa niingie, niketi kwenye kile kitanda, nimkatalie. Anisukume, anitukane, anitupie Alhamisi na Ijumaa tena na tena, nami nisitoke. Mtu haachwi akiwa hivyo kwa sababu tu ameomba. Sikuhitaji bwana mifugo anichoree. Nilimtazama mgongo, nikahesabu pumzi zake chache, na kila nilipotaka kunyanyua mguu niliisikia ile nakuomba yake, laini, kutoka kwa mtu ambaye nimeshamnyima kila kitu, na nikaona sina haki ya kumnyima na hiki.

Nikarudisha mguu ukumbini. Nikauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga, usije ukamsumbua.